Simuleta yangu ya Cessna 172: gurudumu la trimu limeanza kazi

Wiki hii, kwenye simuleta yangu ya nyumbani, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege ndogo ya Cessna 172, nimefunga kipande nilichokisubiri kwa hamu kuliko vyote: gurudumu la trimu. Usukani, pedali na skrini vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kile kinachompumzisha rubani mkono.

Kwenye Cessna 172 halisi, ukingoni mwa eleveta ya kulia (eleveta ni ubao wa mkiani unaoinua na kushusha pua), kuna kibawa kidogo: ndiyo trimu. Gurudumu lililo chini ya dashibodi, katikati, ndilo linalokiinamisha. Ukilizungusha kuinua pua, kibawa kinashuka, upepo unakisukuma juu, nacho kinaibeba eleveta nzima. Mkia unashuka, pua inainuka. Bila kibawa hicho, mkono wako ungevuta au kusukuma safari nzima.

Tatizo ni springi. Angani unaushikilia usukani panapotakiwa, unazungusha trimu, na mzigo unapungua mkononi huku usukani ukibaki palepale. Usukani wa mezani hauko hivyo: springi zinaurudisha katikati kila mara, kwa hiyo ukizungusha trimu inabidi uulegeze kidogo kidogo uifuate springi. Mkono unazoea jambo ambalo kwenye ndege halipo. Hili limenikera muda mrefu, na ndilo nililotaka kulimaliza.

Nimezitoa springi kwenye fremu nikazifunga kwenye kibao kinachoteleza juu ya reli za droo. Kibao kinasogezwa na boliti ndefu inayozunguka ndani ya nati, na boliti inazungushwa kwa mnyororo wa baiskeli kutoka kwenye gurudumu la mninga alilonichongea fundi seremala. Gurudumu halina waya hata mmoja. Kompyuta inasoma tu usukani uko wapi, kupitia potenshiometa (kihisi cha mkao wa usukani) na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki). Trimu ya ndani ya programu nimeiacha katikati, la sivyo ingehesabiwa mara mbili.

Jaribio la kwanza: nikapanda kwa noti 74 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege), kisha nikasawazisha. Utaratibu ni uleule wanaofundishwa marubani wanafunzi: weka pua, weka nguvu ya injini, subiri kasi itulie, ndipo ushike trimu. Anayekimbilia gurudumu kabla kasi haijatulia atalizungusha bila mwisho, kwa sababu trimu inashika kasi, haishiki kimo. Hilo nililitaka nilione kwa macho. Nikiwa noti 90, yaani kama kilomita 167 kwa saa, mikono magotini, nikapunguza injini na sikugusa kingine. Pua ikainama, kasi ikapanda, pua ikainuka, ikainama tena, kila wimbi dogo kuliko lililotangulia, mpaka ndege ikatulia ikishuka kwa kasi karibu na ileile 90. Nikarudisha nguvu, ikaacha kushuka. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Jaribio la pili lilikuwa gumu. Nikakaribia kutua, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zote chini, trimu imevutwa nyuma, yaani upande wa kuinua pua, kisha nikaahirisha kutua na kusukuma injini hadi mwisho. Pua ilinyanyuka kwa nguvu. Mkono wa kushoto uliusukuma usukani kwelikweli huku wa kulia ukitoka kwenye injini kwenda kutafuta gurudumu. Rubani asiyesukuma hapo anaipoteza kasi akiwa karibu kabisa na ardhi. Kwa usukani wa zamani sikuwahi kuusikia uzito huo, na kwa maoni yangu jaribio hili peke yake limelipa kazi yote.

Bado kuna mawili. Springi haijui kasi: kwenye ndege usukani huwa mzito kadiri unavyokwenda mbio, wangu uzito wake ni mmoja. Nimechagua springi zinazofaa kasi ya kutua, hivyo kwenye noti 110 usukani ni mwepesi mno. Pia nati inacheza. Gurudumu linazunguka kidogo kabla kibao hakijasogea. Kwa hilo naongeza nati ya pili, na springi fupi katikati ya hizo mbili ili zibanane na nyuzi za boliti. Nikishaifunga ndipo nitachora alama ya trimu ya kurukia.