Siku Moja Maishani Mwangu: Kadi Nne na Harusi Moja, Lamu

Saa 11 na nusu alfajiri

Nikishamaliza sala, kabla hata ya kuinjika chai, huitazama kompyuta iliyokesha mezani. Leo imeniandikia kwamba kadi ya kamera, ile ya kuhifadhia video, imejazwa yote, imesomwa yote, na hapakuonekana kosa hata moja. Ni kadi ya gigabaiti 64, ya nne na ya mwisho kati ya zile nitakazozichukua jioni kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi aliyepambwa. Programu ninayoitumia huitwa H2testw, nayo hutolewa bure. Huijaza kadi data hadi ukingoni, kisha huisoma tena kuhakikisha kwamba kilichotoka ndicho kilichoingia. Wenye kompyuta za Linux na Mac wana F3, inayofanya kazi hiyohiyo. Kwa kisomea kadi changu cha zamani jaribio moja huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo huliwacha usiku nikalala.

Kazi yangu ni kurekodi video za harusi upande wa wanawake, na uangalifu huu sikuzaliwa nao. Miaka michache iliyopita nilinunua kadi iliyoandikwa gigabaiti 256, yenye jina kubwa usoni, kwa bei ya chini ambayo peke yake ingetosha kunishtua. Nilirekodi harusi nzima bila kamera kulalamika. Nilipofika nyumbani nikaona majina ya faili yote yamejipanga vizuri, lakini yaliyofunguka ni yale ya mwanzo tu. Katika faili la mwisho lililokubali kufunguka alikuwemo bibi mmoja mkongwe akipiga vugo. Mkono wake ukasimama hewani juu ya pembe, na harusi ile ikaishia hapo. Nilikwenda kwa mama wa bi harusi nikamwambia ukweli, nikarudisha fedha, na njia nzima ya kurudi nilipita kando ya ukuta kama mwizi.

Baadaye nilifahamu ilivyokuwa. Chipu inayoiendesha kadi ya namna ile huchezewa ili iidanganye kamera kwamba ina nafasi kubwa, ilhali ndani mna gigabaiti chache tu. Nafasi ya kweli ikishajaa, kamera huendelea kuandika pasipo kujua, kama mtu anayetia maji katika mtungi uliopasuka kitako. Ndiyo maana kuichomeka kadi mpya, kurekodi dakika 2 na kuona picha safi si jaribio la kitu chochote. Kadi ghushi hufanya kazi vizuri sana mwanzoni.

Saa 2 na nusu asubuhi

Mpwa wangu amekuja. Ameanza kujifunza kazi hii mwezi uliopita, naye anahitaji kadi yake mwenyewe, kwa hiyo tumefuatana hadi dukani huko Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukijibanza ukutani mara mbili kuwapisha punda waliobeba mawe. Muuzaji ni kijana mwenye adabu, na alitutolea kadi kadhaa juu ya kioo.

"Bi, mchukulie hii," akaniambia. "Hii ni ya 170."

Nilimwomba mpwa wangu aisome mwenyewe. Ni kweli kwamba imeandikwa megabaiti 170 kwa sekunde kwa herufi kubwa, lakini hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuhamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, tena katika hali bora kabisa. Kamera inaporekodi haisomi, inaandika. Na kasi ya kuandika ndiyo watengenezaji wengi wanayoiandika kwa haya, au wasiiandike kabisa. Anayerekodi video anatakiwa aitafute ile alama ndogo yenye herufi V na namba mbele yake. V30 maana yake ni kwamba kadi imeahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika mfululizo, V60 isishuke chini ya 60, na V90 isishuke chini ya 90. Kwenye kadi nyingine utaona 10 ndani ya herufi C, au 1 au 3 ndani ya herufi U. C10 na U1 zote huahidi megabaiti 10, na U3 huahidi 30 sawa na V30. Neno lenye uzito hapa ni "isishuke". Mpiga picha za mnato aweza kuvumilia kadi inayokimbia kisha ikapumua, lakini video haina pumzi: kadi ikizubaa, kamera hukata kurekodi.

"Sasa mama mdogo, kamera yetu si inaandika 100? Mbona unataka V30?" akaniuliza.

Swali hili huwatatiza hata watu wazima waliozeekea kazini, na nilifurahi kwamba ameliuliza mapema. Kamera husema megabiti, kadi husema megabaiti, na biti 8 ndizo zinazofanya baiti 1. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Tukirekodi kwa megabiti 200, ili baadaye tuweze kupunguza mwendo wa bi harusi anaposhuka ngazi, tunahitaji megabaiti 25, na V30 bado inatosha. Ni pale kamera inapoandika megabiti 400, yaani megabaiti 50, ndipo V60 inapokuwa lazima. Mtu akirekodi hitima ya babu yake kwa ubora wa kawaida wa HD, megabiti 50, hahitaji zaidi ya megabaiti 6 na ushei, na kadi ya C10 iliyo ya kweli humtosha kabisa.

Muuzaji, kwa kuona tunajua tunachokitafuta, akatoa nyingine ya bei ya juu zaidi, yenye safu mbili za meno ya shaba mgongoni. Hiyo ni UHS-II. Safu ya pili huiruhusu kupitisha data kwa kasi ya hadi megabaiti 312 kwa sekunde, ilhali njia ya UHS-I, yenye safu moja, huishia 104. Nilimrudishia kwa upole. Kamera yetu ina meno ya safu moja tu. Kadi ile ingefanya kazi ndani yake, lakini kwa mwendo wa UHS-I, na fedha ya ziada ingekuwa imekwenda bure. (Zile 170 za kadi ya kwanza, kwa aliyeshtuka kwamba zimepita 104, hupatikana kwa visomea kadi maalumu vya watengenezaji wenyewe. Ndiyo sababu nyingine siisomi namba ile.)

Alitaka pia kutuuzia microSD, kadi ndogo kama za simu, pamoja na adapta ya kuiwezesha kuingia kwenye kamera, bei nafuu. Sina ugomvi na microSD ndani ya simu, lakini kwenye harusi adapta ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea, na kilicholegea Lamu huingia chumvi. Tukanunua kadi moja ya SD ya V30, gigabaiti 64, na nikasikilizana na muuzaji mbele ya mpwa wangu kwamba isipopita jaribio tutairudisha kesho. Alikubali bila kunung'unika. Muuzaji asiyekubali sharti hilo simnunulii hata kama anauza robo bei.

Saa 5 asubuhi

Tumeketi barazani. Mpwa wangu ameichomeka kadi yake kwenye kompyuta, akanijia na uso umembadilika: "Mama mdogo, tumeibiwa. Imeandikwa 64, kompyuta inasema 59." Nikamwambia hakuna aliyeibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na kompyuta ya Windows kama yetu huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo 64 husomeka kama 59 na kitu, na 128 husomeka kama 119. Mwizi haibi gigabaiti 4, huiba 200.

Akauliza pia kwa nini tusitumie zile kadi zangu za zamani za gigabaiti 32, ambazo ni nzima. Hazina ubaya, ila ni za aina ya SDHC, na hizo hupangwa kwa mfumo wa FAT32 usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 100 hiyo ni kama dakika 5 tu, kisha kamera hufungua faili jingine. Kadi zinazozidi 32 ni SDXC, hutumia exFAT, na kikomo hicho hazinacho, ingawa ziko kamera zinazokata vipande hata hivyo.

Kisha tukazifomati kadi zote nne, yaani kuziandaa upya zikiwa tupu, na hili hulifanya ndani ya kamera ileile itakayozitumia, si kwenye kompyuta, ili kamera ijipangie folda zake inavyozitaka. Nilikagua pia kile kitufe kidogo cha kufungia kilicho ubavuni. Hakikati chochote ndani ya kadi. Ni ishara tu ambayo kamera huisoma na kuamua isiandike. Kikiwa kimelegea, huteleza chenyewe kadi inapoingia, na kamera ikakataa kurekodi mlangoni mwa harusi. Kadi ya kitufe kilicholegea huitoa kazini siku hiyohiyo.

Saa 10 alasiri

Chakula cha mchana kilipita kwa haraka. Ndugu yangu ameondoka kwenda msikitini kurekodi nikaha upande wa wanaume. Kadi zake zina utepe wa buluu na zangu zina utepe mwekundu, na hazichanganyiki kamwe, si kwa sababu ya teknolojia bali kwa sababu ya kilichomo ndani.

Saa 3 usiku

Kupamba. Mlangoni kuna wanawake wawili wanaokusanya simu, na hakuna anayepita na simu yake, awe shangazi wa bi harusi au mgeni kutoka Mombasa. Humu ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, hina imekolea, udi umejaa hewani, na kamera iliyoruhusiwa ni moja tu. Kila kilichomo ni amana, na amana hiyo yote huingia katika kipande cha plastiki chenye ukubwa wa stempu ya barua.

Kamera yetu ina nafasi mbili za kadi, nami huiamuru iandike kitu kilekile katika zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi hizo huwa za aina moja na kasi moja, kwa sababu iliyo nzito huivuta iliyo nyepesi. Kwa megabiti 100, gigabaiti 64 zina kama dakika 85. Ningeweza kununua kadi za 256 nisibadilishe usiku kucha, lakini sipendi sherehe nzima isafiri katika chombo kimoja. Dakika ya 70 hivi, ngoma ilipopumzika na halua kupitishwa, nilisimamisha kurekodi, nikangoja taa nyekundu ya kuandika izime kabisa, nikatoa zile mbili na kutia mbili nyingine. Taa hiyo ikiwa ingali inamemeta, kamera haijamaliza kufunga faili, na anayeitoa kadi wakati huo huweza kuipoteza video yote iliyotangulia. Zilizojaa niliziingiza kwenye kijaluba kigumu zikiwa zimegeuzwa kifudifudi. Mpwa wangu anajua: iliyolala kifudifudi haiguswi.

Saa 6 na nusu usiku

Nyumbani, kabla ya kuvua viatu, tumeanza kunakili. Seti moja ya kadi, yaani moja kutoka kila jozi, imekwenda kwenye diski mbili tofauti, na sikuridhika kwa kuona majina ya faili tu, kwani majina yalishanidanganya. Nilifungua kila faili, nikatazama mwanzo, katikati na mwisho. Lau kama moja lingekataa, nisingeiandikia kadi hiyo chochote tena. Ningeiweka kando na kujaribu kuliokoa faili kwa PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizopotea, maana kilichofutwa au kupotea huwa kingali ndani hadi kitu kipya kiandikwe juu yake.

Sifa hiyo ya kadi huokoa, na pia huumbua. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, si picha. Kwa hiyo kadi iliyowahi kuingia kwenye kupamba siiuzi, siigawi, wala simwazimi mtu. Ikianza kuonyesha dalili za uchovu, kwa mfano kamera kusitasita kuisoma, au jaribio kutoa kosa hata moja tu, huikata vipande viwili kwa koleo, na nahakikisha nimeikata ile chipu nyeusi na si plastiki tu.

Seti ya pili sikuja nayo nyumbani. Nilipokuwa nikiaga nilimkabidhi mama wa bi harusi kijaluba chenye kadi zake mbili, nikamwambia azihifadhi mpaka nitakapomletea video iliyokamilika, ili nyumba yangu ikipatwa na moto au mwizi usiku huu, harusi ya mwanawe iwe ingali nyumbani kwake.

"Na humu mna sote?" akaniuliza.

"Mna nyote, mama."

Alikifungua kijaluba, akazitazama zile kadi mbili kwa muda, akakifunga. Kisha akakitia kwenye upindo wa leso yake, akafunga fundo, akalivuta kwa meno kulikaza.