Mpini wa Upanga na Mkono wa Mpanda Farasi

Wanaotazama panga za zamani wengi huanza na bapa: urefu wake, mpindo wake, na maandishi yaliyochorwa juu yake. Mimi huanza na mpini, kwa sababu kwa askari aliye juu ya farasi anayekwenda mbio, mpini na kichwa cha chuma kilicho mwishoni mwake ndivyo vinavyoamua kama ncha itafika ilikoelekezwa.

Shika fimbo kama unavyoshika nyundo, kisha unyooshe mkono mbele. Fimbo itasimama kwenda juu. Ukitaka ilingane na mkono, sharti ukikunje kifundo cha mkono kuelekea chini, na kifundo kilichokunjwa hivyo hakina nguvu. Apiganaye kwa miguu huweza kuuvumilia udhaifu huo, maana nguvu za pigo ni zake na anaweza kuzipunguza apendapo. Mpanda farasi hana hiari hiyo, kwani kinachomsukuma ni uzito wote wa mnyama, na kishindo cha ncha kugonga hurudi moja kwa moja kiganjani mwake.

Upanga wa wapanda farasi wa Uingereza wa mwaka 1908 ulibuniwa kwa ajili ya kuchoma, wala si kukata. Bapa lake ni jembamba, limenyooka, na urefu wake unakaribia sentimita 89. Mpini umeinamishwa kama wa bastola, na mgongoni mwake pana mahali pa kulaza kidole gumba, hivi kwamba mkono ukinyooshwa bapa hulingana nao bila kifundo kulazimishwa, na kishindo hupokelewa na tako la kiganja. Inasimuliwa kwamba Mfalme Edward VII hakupendezwa hata kidogo na sura yake. Nami nakiri si upanga wa kuvutia macho. Wamarekani walifuata mkondo huohuo mwaka 1913, kwa upanga ulionyooka uliobuniwa na ofisa wa jeshi lao, George S. Patton, aliyeshikilia kwamba ncha humfikia adui kabla ya makali.

Kichwa cha mpini kina kazi iliyo ngumu kuiona kwa macho. Uzito wake, pamoja na wa kikinga mkono, hurudisha mizani ya upanga karibu na vidole, na bapa refu likawa jepesi kwenye ncha. Lakini umbo lake nalo lina neno. Talwar, upanga wa India, ina kisahani kipana cha chuma mwishoni mwa mpini: ukikata kwa kuzungusha bega, kisahani hicho huushikilia mkono barabara, lakini ukijaribu kunyoosha ncha mbele, ukingo wake hukandamiza kifundo na kukizuia. Kubadili ncha peke yake hakutoshi. Kabla ya vita vya Waterloo mwaka 1815, wapanda farasi wa vikosi vizito vya Uingereza walizinoa upya ncha za panga zao za mwaka 1796 ili zipate kuchoma, ilhali mipini ilibaki ileile.

Hapa Lamu, ambako mnyama wetu ni punda na hakuna atakayeshambulia mtu akiwa juu yake, upanga tunaoujua ni ule wa Kiomani, ulionyooka na wenye makali pande mbili. Kwa kuutazama bapa tu, mtu angedhani ni wa kuchomea. Nilipopewa mmoja na mzee wa mtaa wa Mkomani niushike, mpini ulikuwa mviringo mrefu uliozungushiwa ngozi, hauna kikinga mkono wala mwinamo, na gumba langu lilihangaika kutafuta pa kutulia. Niliponyoosha mkono, bapa lilinyanyuka; na lau ncha ingegonga kitu kigumu kwa kasi ya farasi, hakuna ambacho kingeuzuia mkono usiteleze hadi kwenye makali. Huo ni upanga wa mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili, akate, au autikise bapa mpaka litetemeke kama wafanyavyo Waomani katika razha, ngoma yao ya panga.