Nilivyojifunza kusoma dirisha la usajili la CFL nikiwa Winnipeg

Mtu akitaka kuelewa usajili wa CFL, ligi ya futiboli ya Kanada (si soka, bali mpira wa kubeba na kurusha kwa mikono unaofanana na ule wa Marekani), asianze na majina ya mastaa. Aanze na herufi moja iliyo pembeni ya kila jina kwenye orodha ya kikosi. N ni mchezaji anayehesabiwa wa Kanada, A ni Mmarekani, na G ni yule aliyetoka nje ya nchi hizo mbili. Mimi nilianza kuelewa siku nilipoacha kutazama mabao na kuanza kutazama herufi.

Ninaishi Winnipeg, nimetoka Mwanza, na kiwandani zamu ya usiku tuko Waswahili wa kila aina: Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Kivu. Karibu wote tunaishabikia Blue Bombers, klabu ya mji huu. Klabu hii ilichukua Grey Cup, kombe la ubingwa wa ligi, mwaka 2019, msimu wa 2020 ukafutwa kwa sababu ya korona, na 2021 ikalichukua tena. Kisha ikaja Februari 2022. Kenny Lawler, mpokeaji (mchezaji wa kudaka mpira unaorushwa) aliyeongoza ligi nzima msimu uliotangulia kwa yadi, yaani umbali aliosogeza mpira, akaenda Edmonton kwa mkataba wa mwaka mmoja ulioripotiwa kufika dola 300,000. Andrew Harris, mkimbiza mpira aliyezaliwa hapahapa Winnipeg na kuwa kipenzi cha mji, akaenda Toronto. Chumba cha mapumziko kilikuwa kama msiba. Jamaa wa Nakuru akasema viongozi wa klabu wamelala. Mimi nilitaka kujua kwa nini watu waliochukua kombe mara mbili mfululizo wanamwachia mpokeaji bora wa ligi aondoke hivihivi.

Jibu liko kwenye kanuni ya uwiano. Futiboli ya Kanada inachezwa na watu 12 kila upande, si 11 kama Marekani, na kila timu ina kundi la kushambulia na kundi la kulinda. Kwa hiyo wanaoanza ni 24. Mwaka 2022 angalau saba kati yao walipaswa kuwa wa N. Saba si idadi ndogo katika nchi ambako vyuo vinavyocheza futiboli ni vichache, ukilinganisha na mamia ya vyuo vya Marekani vinavyotoa wachezaji kila mwaka. Mpokeaji mzuri wa Kimarekani unaweza kumpata ukitafuta vizuri. Mkanada anayeweza kuanza mechi 18 bila kuzidiwa ni adimu, na kila klabu kati ya tisa inamtaka.

Kwetu Tanzania mabishano ya idadi ya wachezaji wa kigeni Simba na Yanga tunayajua, lakini kule kanuni inakuambia wageni mwisho wangapi. Huku, pamoja na ukomo wa jumla, kuna sharti la wangapi wa nyumbani lazima waanze, na hilo ndilo linalopanga bei sokoni.

Nilichukua daftari la hesabu, lile la viboksi, nikachora safu nne: jina, nafasi, herufi, na mwaka mkataba unapoisha. Ligi hutoa orodha ya wachezaji ambao mikataba yao inakwisha, na kila siku hutangaza nani kasaini, nani kaachwa, nani kaingia orodha ya majeruhi. Kabla ya mechi klabu hutoa chati ya kikosi inayoonyesha nani anaanza na nani yuko nyuma yake. Chati hiyo ndiyo shule yenyewe. Nilikuwa nazungushia duara kila N anayeanza, halafu natazama aliye chini yake. Nikikuta N juu na A chini, najua hapo pana hatari: huyu wa juu akiumia, yule wa chini hawezi kuingia tu, labda kocha ahamishe N mwingine mahali pengine ili hesabu itimie. Nikikuta N juu na N chini, najua kocha analala bila wasiwasi.

Ukichora duara hizo kwenye kikosi cha Winnipeg cha miaka ile unaona umbo lake. Duara nyingi ziko kwenye mstari wa mbele, yale majitu yanayomkinga kwotabeki, mrushaji wa mpira: Patrick Neufeld, Geoff Gray, Chris Kolankowski. Duara nyingine iko kwa mkimbiza mpira. Nyingine kwa Nic Demski, mpokeaji, mtoto wa Winnipeg. Nyingine katikati ya mstari wa ulinzi kwa Jake Thomas. Nafasi zilizobaki nyingi ni za Wamarekani, na humo klabu ina uhuru wa kubadilisha watu kila mwaka. Lawler alikuwa humo.

Sasa tazama kilichotokea. Klabu ilimwachia Lawler ikamleta Dalton Schoen, Mmarekani kutoka chuo cha Kansas State, mgeni kabisa kwenye ligi. Mshahara wa chini kabisa wa ligi wakati huo ulikuwa dola 65,000, na mgeni kama yeye huanzia huko chini. Msimu huo wa 2022 Schoen akaongoza ligi kwa yadi 1,441 na kufunga mara 16, akachaguliwa mchezaji chipukizi bora. Winnipeg ikashinda mechi 15 kati ya 18. Demski, mwenye herufi N, klabu haikumwachia.

Kwa Harris hadithi ni nyingine, na hapo ndipo nilipoona uzuri wa kazi hii. Harris alikuwa N. Kwa hesabu yangu ya mwanzo angepaswa kubaki kwa gharama yoyote. Lakini ukitazama chini yake kwenye chati unamkuta Brady Oliveira, naye N, naye mtoto wa Winnipeg, aliyechukuliwa katika raundi ya pili ya drafti ya 2019, yaani utaratibu ambao klabu huchagua kwa zamu wachezaji wapya wa Kanada. Uwiano hauguswi. Klabu ikabaki na kijana wa bei nafuu, na msimu huohuo Oliveira akavuka yadi 1,000. Mwaka uliofuata akakimbia yadi 1,534.

Fedha nazo zina mipaka. Tangu 2007 ligi ina ukomo wa mishahara, ulioanza na dola milioni 4.05 kwa klabu, na kufikia 2022 ulikuwa umepita milioni 5. Ukizidisha hadi dola 100,000 unalipa faini ya kiasi kilekile ulichozidisha. Ukipita hapo faini inakuwa mara mbili na unapoteza nafasi yako ya raundi ya kwanza ya drafti. Kupoteza nafasi ya drafti maana yake ni kupoteza Mkanada mmoja mzuri, na tumeshaona Mkanada mzuri ana thamani gani. Kwa hiyo dola 300,000 kwa mpokeaji mmoja wa Kimarekani ni fedha unazozinyang'anya zile duara. Ndiyo maana pia natazama sana orodha ya majeruhi wa mechi sita. Mchezaji akikaa humo kipindi chote, mshahara wake hauhesabiwi kwenye ukomo, lakini yule wa orodha ya mechi moja anahesabiwa. Klabu yenye majeruhi wengi mwezi wa nane inaweza kuwa na nafasi ya fedha kuliko unavyodhani.

Kuhusu dirisha lenyewe, watu wengi huwasha simu Jumanne ile ya Februari saa sita mchana kwa saa za Toronto, soko linapofunguliwa rasmi. Wakati huo mambo makubwa yameshapikwa. Wiki moja kabla yake, kuanzia Jumapili hadi Jumapili, mchezaji ambaye mkataba wake unakwisha anaruhusiwa kuzungumza na klabu yoyote. Ofa rasmi inayotolewa wakati huo inapelekwa pia ligi na chama cha wachezaji, na klabu haiwezi kuifuta kipindi hicho kikiwa wazi. Jumapili mchana mlango unafungwa, na mpaka Jumanne ni klabu yake ya sasa peke yake inayoweza kuzungumza naye. Siku hizo mbili ndizo ninazozipenda kuliko zote. Klabu inajua iko kwenye mnada wa bei gani, mchezaji anajua anathaminiwa vipi nje, na wewe mwenye daftari unajua nani hana N wa pili nyuma yake. Januari nayo isipuuzwe. Mikataba mingi ina bonasi inayolipwa kipindi hicho cha mapumziko, na mkongwe akiachwa ghafla, mara nyingi ni kwa sababu tarehe ya bonasi imekaribia.

Mei 2022 wachezaji waligoma siku chache, mgomo wa pili tu katika historia ya ligi baada ya ule wa 1974. Mkataba uliotoka hapo uliongeza jambo jipya: kuanzia 2023 wanaoanza wa N wawe wanane, lakini mmoja wao anaweza kuwa Mmarekani aliyekaa miaka mitatu na klabu hiyohiyo au mitano kwenye ligi. Nilipolisoma nilibadili safu yangu ya herufi, nikaongeza alama kwa Wamarekani wa muda mrefu. Kwangu ni kanuni nzuri. Mtu aliyehamia mji, akanunua nyumba, watoto wake wakasoma hapo, kuna haki katika kumhesabu wa hapo.

Na haki hiyo ndiyo iliyomleta kijana wa jirani mlangoni kwangu. Familia yake ni ya Fizi, Kongo, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaja Kanada akiwa mdogo, na sasa anacheza futiboli shuleni. Akaniamkia, nikamwitikia, akakaa. "Mjomba," akaniuliza, "mimi kwa hao CFL ni Mkongo au Mkanada?" Swali lilimkaa moyoni, kocha alikuwa amemwambia kitu nusunusu.

Nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha kwamba kanuni haiulizi ulizaliwa wapi. Inauliza kama wewe ni raia wa Kanada wakati wa kusaini mkataba wa kwanza, au kama umeishi Kanada jumla ya miaka mitano kabla hujafikisha 18. Tukahesabu pamoja mwaka kwa mwaka, na miaka ilitosha. Halafu nikamwonyesha jina la Henoc Muamba. Amezaliwa Kinshasa, akakulia Mississauga karibu na Toronto, akachaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2011, na Winnipeg ndiyo iliyomchukua. Mwaka 2019 akiwa Montreal alikuwa Mkanada bora wa ligi. Na fainali ya 2022 kule Regina, Toronto walipotushinda 24 kwa 23, Harris yuko upande wao, Muamba ndiye aliyenasa mpira dakika za mwisho na kuchukua tuzo zote mbili, ya mchezaji bora wa fainali na ya Mkanada bora. Kijana alisoma jina lile akarudia kulisoma.

Mama yake aliuliza kitu kimoja tu: shule itakuwaje? Nikamweleza kwamba mchezaji wa N hupitia drafti, na wengi wao hutoka vyuo vikuu, kwa hiyo njia ya futiboli na njia ya shule hapa ni moja. Uwanja wa Blue Bombers wenyewe uko ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Manitoba. Akaridhika, akaniambia nimsimamie kijana kwenye masomo ya hesabu.

Februari 2024 tulifuatilia dirisha pamoja, mimi, kijana, na jamaa wa kiwandani. Mkataba wa Oliveira ulikuwa unakwisha, na wa Jermarcus Hardrick, Mmarekani wa mstari wa mbele ambaye mji unampenda sana, ulikuwa unakwisha pia. Jamaa wa Nakuru aliogopa tutawapoteza wote wawili. Kijana akafungua chati ya msimu uliopita, akaweka kidole kwenye jina la Oliveira, akashuka chini yake, akasema huyu hawamwachii. Hardrick akaenda Saskatchewan. Oliveira akabaki, na mwisho wa msimu akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Sasa daftari linakaa kwa kijana. Mimi namtumia majina kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, naye anajaza herufi.