Mizani saba

Jana usiku niliposti shairi langu, tarbia (mistari minne kila ubeti) ya beti tano, nikalala na raha zangu. Asubuhi naamka, simu imejaa. Mmoja kaandika: "Hili ni shairi au orodha ya sokoni?" Mwingine kamwaga emoji za kucheka, kumi hivi, neno hata moja hakuna. Sitadanganya, chai ilipoa mkononi. Nikawa naandika jibu, nafuta, naandika, nafuta. Nusura nilifute na shairi lenyewe.

Halafu nikakuta moja fupi: "Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, ukwapi una mizani 7." Salamu hakuna! Ukwapi ni ile nusu ya kwanza ya mshororo, yaani mstari, na mizani ni silabi zake. Nikahesabu kwa vidole: ba-ha-ri-ya-tu-li-a. Saba kweli. Kwingine kote ni 8 kwa 8, nusu kwa nusu, hapo tu ndipo panachechemea. Nikabadilisha: "Bahari imetulia." Nane. Na hata sikioni imekaa vizuri zaidi, basi tu sikutaka kukubali haraka.

Yule wa mizani nimemshukuru (hajajibu, nadhani ndivyo alivyo). Wa orodha ya sokoni nimemwachia soko lake. Wa emoji ni binamu yangu, huyo tutaonana Jumapili kwa bibi.