Lincoln la Babu na mifuko yake ya upepo

Jioni nikitoka kwenda zamu ya usiku sianzi na mlango. Nazunguka nyuma ya gari, nainama, nachomeka vidole kati ya tairi na ukingo wa bodi. Vikiingia vitatu kila upande, naondoka. Kikiingia kimoja, basi mchana kutwa, mimi nimelala, lenyewe lilikuwa linavuja upepo na sasa limekaa kitako kama ng'ombe aliyegoma. Majirani zangu hapa Columbus, Ohio, Marekani, wameshazoea. Mwaka wa kwanza nahisi walidhani nafanyia gari zindiko.

Ni Lincoln Town Car ya mwaka 2004, rangi ya chai ya maziwa, urefu wake mita tano na nusu kasoro vidole. Ukiliegesha supamaketi, pua inabaki nje inachungulia wapita njia. Mbele kuna kiti kimoja kirefu cha ngozi, gia iko kwenye usukani, kwa hiyo watu watatu wanakaa mbele na watatu nyuma, na hakuna anayegusana goti na mwenzake. Wanangu wanaliita Sofa.

Nililinunua 2015 kwa familia ya mzee mmoja niliyekuwa namhudumia kwenye kituo cha wazee. Kituo hakiruhusu zawadi hata ya soksi, kwa hiyo bintiye na mimi tulikaa mezani, tukaangalia bei za magari ya aina hiyo, tukakubaliana dola 3,500, tukaandikishana. Lilikuwa na maili 61,000. Ndani ya kitabu cha gari nilikuta kadi yenye namba tano za kufungulia mlango, kwa sababu pale kwenye mlango wa dereva kuna vibonyezo vitano, unabonyeza namba mlango unafunguka bila ufunguo. Sijazibadilisha mpaka leo. Kwetu linaitwa gari la Babu, ingawa Babu mwenyewe hakuwahi kunibeba humo hata siku moja.

Nilimtumia picha kaka yangu Tanga. Yeye ni fundi, marehemu baba yetu aliendesha teksi ya Peugeot 504, kwa hiyo nyumbani tulikula na kusomeshwa na gari. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Dada, umenunua gari au umenunua nyumba ya wageni?"

Binti yangu mkubwa ndiye aliyeteseka. Magari haya yalitumiwa sana na kampuni za kubeba wageni wa uwanja wa ndege na za mazishi. Akawa ananiomba nimshushe kona moja kabla ya shule. "Mama, wakikuona wanauliza nani amefariki." Hakukosea sana. Siku moja nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea shemeji, nikiwa na koti langu jeusi la baridi. Bwana mmoja mwenye suti akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akafunga mkanda, akanitajia hoteli. Nilikaa kimya kidogo, nikijipigia hesabu ya nauli. Kisha nikamwambia ukweli, akatoka akiwa mwekundu kama nyanya.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Watu wakisikia gari la anasa la Kimarekani lenye miaka zaidi ya ishirini wanafikiri injini ndiyo inayonifilisi. Hapana. Injini yake ni V8 ya lita 4.6, ndugu wa damu wa ile iliyokuwa kwenye magari ya Ford Crown Victoria ya polisi na teksi nyingi za njano za New York. Ni mtambo wa kazi. Fremu yake ni chuma kilichotandikwa chini na bodi imekalishwa juu yake, kama lori. Zile za miaka ya nyuma zilikuwa na manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini, ya plastiki iliyokuwa ikipasuka mbele na kumwaga maji ya rejeta. Yangu pale imewekewa kipande cha alumini. Nimefikisha maili 168,000 kwa kumwaga oili kwa wakati na kubadilisha hidroliki ya gia boksi. Mara moja tu iliwahi kunisumbua, na kosa lilikuwa langu. Nilipata wazimu wa usafi nikaosha injini kwa mpira wa maji wenye presha. Kila plagi ina koili yake imekaa juu, ndani ya shimo, na shimo likiingia maji halina haraka ya kukauka. Gari likamisi wiki nzima, likitetemeka kwenye taa nyekundu kama mwenye malaria. Kaka aliniambia, "Hiyo siyo sufuria, dada."

Kinachozeeka ni ile anasa yenyewe. Mota ya kiti. Kioo cha dirisha kinachoshuka kikakataa kupanda, na hufanya hivyo Januari, hakifanyi Juni. Kimota kidogo ndani ya dashibodi kinachogawa joto na baridi, kikifa dereva anaungua na abiria wa kulia anaganda. Kila kitu alichowekewa Babu ili asinyanyue mkono ndicho leo kinachonifanya nilale chini ya gari.

Taa zilinitisha zaidi. Alfajiri moja natoka kazini, niko barabara ya 270 inayouzunguka mji, taa za mbele zikazimika zote mbili kwa pamoja. Giza. Nikavuta kijiti cha taa kubwa, zikawaka, nikiachia, zinazimika. Nilifika nyumbani nimeshika kijiti kwa mkono wa kushoto na usukani kwa mkono wa kulia, nasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Gereji niliyokwenda ilisema kuna kisanduku cha kompyuta kinachotawala taa, kinabadilishwa chote, ikaniandikia dola 900 na ushee. Nikasema nitafikiria.

Columbus ina Wasomali wengi sana, na kuna kijana anayetengeneza simu, amekulia Eastleigh, Nairobi, Kiswahili chake cha Kenya safi. Nikamfungulia kile kisanduku juu ya kaunta yake. Akakiangalia kwa lenzi muda mrefu, akanisogezea na mimi nione: kwenye mguu mmoja wa rilei, ile swichi ndogo ya umeme, risasi ya kulehemu ilikuwa na ufa mwembamba wa duara, kama pete ya kahawa iliyobaki mezani baada ya kuinua kikombe. "Mama, hii ni solda imechoka tu." Joto likipanda ufa unaachana, ukipoa unagusana. Akayeyusha risasi mpya dakika kumi. Alitaka dola 20, nikampa 40 na chupa ya achari ya maembe. Taa zinawaka mpaka leo.

Lakini maradhi makuu ni upepo. Nyuma gari hili halina springi za chuma. Limekalia mifuko miwili ya mpira iliyojaa hewa, kuna kompresa ya kuijaza hewa mbele, na kuna kijiti kinachopima kimo cha gari. Ukipakia mashangazi watatu na magunia ya mchele, nyuma inashuka, unasikia mbele kompresa inanguruma, na taratibu gari linainuka kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kupigwa picha. Raha ya gari iko hapo. Unapita juu ya shimo unasikia sauti ya shimo tu, lenyewe hulisikii.

Mpira unapochakaa unapata vijiufa pale unapojikunja. Kompresa inajaza, mpira unavuja, kompresa inajaza tena, mpaka na yenyewe inaungua, na sasa una madeni mawili. Nilichanganya sabuni ya vyombo na maji nikapaka kwa brashi. Mfuko wa kushoto ukatoa povu dogo linalokua polepole, likapasuka, likaanza upya. Gereji nyingine ikaniambia dola 2,100, na fundi wao akashauri nitoe mfumo wote niweke springi za chuma. Wengi hufanya hivyo na siwalaumu, ni rahisi na haiharibiki. Ila ukishafanya hivyo umebaki na teksi yenye viti vya ngozi.

Nikaagiza mifuko miwili, dola 190, nikaifunga mwenyewe uani, kaka yuko kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la rangi. Kwanza unazima swichi ya mfumo wa upepo iliyofichwa kwenye buti, la sivyo ukiinua gari kwa jeki kompyuta inachanganyikiwa. Unaliinua kwa fremu, ekseli inaning'inia. Juu ya kila mfuko kuna vali ya umeme. Unaizungusha hatua moja tu, inasimama, upepo unatoka kwa mluzi mrefu, unasubiri uishe kabisa, ndipo unazungusha hatua ya pili na kuichomoa. Ukiwa na pupa inaweza kukurukia usoni. Mpira mpya unapakwa mafuta kidogo kwenye ringi zake, unakaa kwa kubofya.

Hapo ndipo kaka, fundi wa miaka thelathini, alipotaka kuniponza. "Shusha jeki sasa." Mimi nilikuwa nimesoma: usishushe gari juu ya mfuko mtupu, mpira unajikunja vibaya na unakatika siku hiyo hiyo. Unashusha kidogo, unawasha, unaacha kompresa ijaze, ndipo unashusha tena kidogo. Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Tukasikiliza wote kompresa ikinguruma, yeye Tanga usiku, mimi Ohio mchana, na ukingo wa bodi ukaanza kupanda juu ya tairi, kidole kimoja, viwili, vitatu. Akasema, "Haya, fundi." Sijawahi kuitwa hivyo na yeye.

Hiyo ilikuwa 2019. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji imeshakula paipu moja ya breki ya nyuma, na sasa naanza kuona kutu kwenye fremu, ambayo ndiyo kesi kubwa, kwa sababu fremu haiagizwi kwa posta. Napuliza maji chini ya gari kila wiki majira ya baridi. Binti aliyekuwa anaona aibu sasa ana leseni, na juzi ameniuliza kwa sauti ya kujifanya hajali kama nitaliuza.

Leo jioni: kulia vitatu, kushoto viwili na nusu. Nimeshaacha bakuli la sabuni na brashi mlangoni. Kesho nikirudi kazini, kabla sijalala, napaka.