Mkono wa Trebonius

Kidato cha tatu tuliigiza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Wenzangu waligombania Brutus na Antony. Mimi nikaangukia Trebonius, mmoja wa wala njama wa kumuua Kaizari. Mistari yake ni ya kuhesabu kwa vidole!

Kazi yangu kubwa: kumtoa Antony, rafiki wa Kaizari, nje kwa maongezi wakati wenzangu wanamchoma Kaizari. Nikabaki nyuma ya pazia (khanga mbili za matroni), nasikia vishindo tu. Mla njama, lakini hakutia kisu. Tena, hapo awali ndiye aliyeunga mkono Antony asiuawe, eti ataishi na baadaye atalicheka jambo hili. Alicheka kweli?

Trebonius wa kweli alipigana Galia (Ufaransa ya leo) chini ya Kaizari, akapewa ukonsuli, cheo kikubwa cha Roma, mwaka 45 KK. Mwaka 43 KK akauawa huko Smyrna (Izmir ya leo, Uturuki), wa kwanza kufa kati ya wala njama.

Sasa, jukwaani Antony anarudi kuwashika wauaji mikono yao yenye damu, Trebonius wa mwisho. Nikamnong'oneza mwalimu: wangu mkavu. Akanisukumia bakuli la juisi ya rozela.

"Chovya."