Safu ya Tatu: Nilivyopanga Safari ya Unguja Peke Yangu

Kazi yangu ni ukarani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, kwa hiyo nilipoamua, Januari 2023, kwamba nitavuka mpaka peke yangu kabla ya mwaka kwisha, jambo la kwanza nililolifanya ni kufungua daftari na kupiga mistari. Nilianza na safu mbili, ya matumizi na ya fedha. Safu ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kuiamua safari nzima, niliiongeza baada ya kuzungumza na mama.

Mama hakunikataza. Aliuliza lile swali ambalo mama yeyote wa Kibokoni angeuliza, "Unaandamana na nani?", na nilipomjibu kwamba siandamani na mtu, alinyamaza akaendelea kupepeta mchele hadi nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, "Basi mwanangu, popote utakapofika, ufike jua lingali juu." Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano makali zaidi, na sharti hilo moja nililiona jepesi. Nilipolitia katika daftari ndipo nilipohisi uzito wake, kwa sababu mbele ya kila nauli sasa ilinibidi niandike saa ya kuondoka na saa ya kufika, na nauli kadhaa nilizozishangilia kwa unafuu wake zikaanguka hapo hapo.

Niliichagua Unguja kwa sababu Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, njia ya barabara ni nafuu kuliko ndege, na lugha ni yangu. Kitambulisho cha taifa, hata hivyo, hakitoshi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania haimo katika mpango huo, hivyo mwezi wa Mei niliomba pasipoti ya kurasa 34, iliyokuwa shilingi 4,550 wakati ule, nikaiandika katika ukurasa wake mbali na gharama za safari, kwa kuwa nitaitumia kwa miaka kumi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la chanjo. Tanzania humtaka msafiri anayetoka Kenya awe na cheti cha homa ya manjano, na mimi nilikwenda kuchanjwa nikiwa nimekwisha kukata tiketi ya basi la wiki moja baadaye. Muuguzi alipoisikia tarehe yangu aliweka kalamu chini akanieleza kwamba cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya sindano. Tiketi nilibadilisha kwa kuongeza pesa kidogo, na aibu nikaimeza. Faraja ni kwamba tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenyewe, kwa hiyo gharama hiyo hairudi tena.

Akiba yenyewe ilitoka katika chama cha wanawake wa mtaani, zamu yangu ikiwa Septemba, pamoja na kiasi nilichokuwa nikikiweka kila mwisho wa mwezi. Lengo lilikuwa shilingi 45,000, na 5,000 kati yake zilikuwa za dharura, zimekunjwa ndani ya mfuko mdogo nilioushonea upande wa ndani wa buibui. Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo karani alipaswa kulitarajia, ni kuanguka kwa shilingi yetu. Boti ya Dar es Salaam hadi Unguja ilikuwa ikitoza wageni kwa dola, dola 35 kwenda na 35 kurudi, na chumba nilichokichagua Mji Mkongwe kilikuwa dola 18 kwa usiku, siku nne. Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 123, na mwanzoni mwa Oktoba, nilipoondoka, ilikuwa imefika 148. Zaidi ya shilingi 3,500 zilinitoka hivyo bila mimi kununua hata kitenge. Laiti ningenunua dola kidogo kidogo tangu mwanzo, nisingelazimika kufuta safari ya visiwani niliyokuwa nimeipangia.

Sasa niirudie safu ya saa. Wenzangu wawili waliowahi kwenda walinishauri nipande basi la moja kwa moja hadi Dar es Salaam, kisha niiwahi boti ya jioni, na hesabu yao ya fedha ilikuwa sahihi kabisa, kwa maana ingeniokolea malazi ya siku mbili. Lakini boti ya jioni humshusha abiria Unguja magharibi, naye anaanza kutafuta vichochoro vya Mji Mkongwe gizani akiwa na begi mgongoni. Mimi nililala Tanga, nikalala Dar es Salaam, nikavuka kwa boti ya saa moja asubuhi. Malazi hayo mawili yalinigharimu kama shilingi 3,600, na hakuna fedha niliyoitumia kwa moyo mweupe zaidi ya hiyo, kwani nilifika Unguja mapema, nikaomba kukiona chumba kabla ya kulipa, nikakikataa cha kwanza kilichokuwa chini karibu na mlango wa nje, nikapewa cha ghorofani kwa bei ile ile.

Basi liliondoka Mwembe Tayari alfajiri, tukavuka Likoni, na kabla ya adhuhuri tulikuwa mpakani. Kituo cha Lunga Lunga na Horohoro ni cha pamoja, kwa hiyo anayeingia Tanzania hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Horohoro. Hapo alinijia mbadilishaji fedha. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeangalia simuni, nikajua shilingi yetu moja ni kama 16 na nusu za Tanzania. Yeye akaanza na 14, tukakubaliana 16. Kwa shilingi zangu 5,000 nilistahili noti nane za elfu kumi. Alizihesabu mbele yangu kwa kasi, moja hadi nane, nami nikazipokea, nikageuka, nikazihesabu tena juu ya begi. Zilikuwa saba, moja ikiwa imekunjwa katikati ili ncha zake zote mbili zipite chini ya kidole. Nilimrudia nikamwonyesha ile iliyokunjwa. Hakubisha, alitoa noti ya nane kutoka mfuko wa shati, kana kwamba ilikuwa ikinisubiri humo.

Kifaa kilichonifaa kuliko simu kilikuwa kabari ya mbao, ambayo fundi seremala wa Majengo alinichongea kwa shilingi 100 huku akiuliza mara tatu ni ya mlango upi. Katika nyumba ya wageni kule Tanga komeo lilikuwa limelegea, msumari mmoja ukining'inia. Niliisukuma kabari chini ya mlango, nikaipigilia kwa kisigino cha kiatu, nikauvuta mlango kwa nguvu zangu zote, haukusogea. Nililala hadi adhana ya alfajiri.

Na dada yangu tulikuwa na utaratibu wa ujumbe mara tatu kwa siku, wa mwisho kabla ya magharibi, na yeye alikuwa na nambari ya kila nyumba nitakayolala. Nikimwandikia "msalimie shangazi Mwanaisha" ingekuwa alama ya kwamba nimo taabuni, maana hatuna shangazi wa jina hilo. Sikuhitaji kumtaja, ingawa siku ya tatu nilishawishika, kwa mzaha tu.

Lugha ilinipunguzia matumizi kwa namna yake. Sokoni Darajani nilisalimu kwanza, nikauliza bei baadaye, na muuza embe aliponisikia nikisema "afisi" akacheka, akaniita mtu wa Mvita, akanitajia bei ya wenyeji. Chakula cha jioni cha Forodhani nilikila mara moja tu kwa kuwa ni ghali kwa mfuko kama wangu. Siku nyingine nilikula urojo vichochoroni. Nungwi nilikwenda kwa daladala nambari 116 badala ya teksi, nikarudi kabla ya alasiri, kwa sababu ile ile ya safu ya tatu.

Nilirudi Mombasa siku ya nane, baada ya kulala Tanga tena. Jumla ilikuwa shilingi 39,800, na zile 5,000 za ndani ya buibui hazikuguswa. Atakayeifuata hesabu yangu aibadilishe kwa bei za leo, na pia aulizie mapema kuhusu bima ya dola 44 ambayo Zanzibar iliianzisha kwa wageni Oktoba 2024, ajue kama inamhusu.

Mama aliomba alione daftari. Alizipita safu za fedha bila kusimama, akapitisha kidole kwenye ile ya tatu, mstari baada ya mstari, hadi mwisho. Kabari sasa iko kwa dada yangu, anayejiandaa kwenda Kampala kwa kitambulisho tu, na jana nimemkuta akipiga mistari.